Umeachiwa beta kwenye jagi: namna ya kumtunza mpaka mwenyewe arudi

Anayesafiri kwa wiki mbili humwachia jirani ufunguo, kuku na maua ya kumwagilia. Siku hizi wengine huacha na samaki: beta mmoja dume, mapezi marefu ya buluu au mekundu, ndani ya jagi la lita 2 juu ya kabati, na kikopo cha chakula pembeni. "Mtupie punje mbili tatu asubuhi, hana shida huyu." Ukimtazama vizuri unaona shida anazo. Maji yana ukungu, mapezi yamekunjamana, na samaki amelala chini. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa samaki wa namna hiyo. Samaki si wake, makao ni mabaya, na muda alio nao ni mfupi.

Samaki hawa, wanapobadilisha mikono, mara nyingi huuawa na mtu mwenye huruma. Anamwaga maji yote machafu, anasugua jagi kwa sabuni, anajaza maji safi ya bomba, na asubuhi anamkuta samaki amekufa. Beta aliyeishi miezi kwenye maji mabaya mwili wake umeshayazoea. Mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayomshinda. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inakutaka uende taratibu kuliko moyo wako unavyotaka.

Huyu ni samaki gani

Beta, ambaye wauzaji wengine humwita faita, anatoka Thailand, nchi iliyokuwa ikiitwa Siam. Asili yake ni bonde la mto Chao Phraya: mashamba ya mpunga, mifereji na vinamasi vyenye majani mengi, maji yanayotembea polepole na yenye joto mwaka mzima. Wathai walimfuga kwa vizazi vingi kwa ajili ya mapambano, na mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Mapezi marefu unayoyaona ni matokeo ya wafugaji kuchagua mbegu; beta wa porini ana mapezi mafupi na rangi iliyofifia.

Juu ya matamvua, yaani viungo anavyopumulia majini, ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji. Ndiyo maana anastahimili maji yenye oksijeni kidogo, na ndipo ulipozaliwa uzushi kwamba anapenda chombo kidogo. Kiungo hicho kinamsaidia kupumua tu. Sumu inayotokana na uchafu wake mwenyewe inamchoma vilevile. Dukani anakaa peke yake kwenye kikombe kwa sababu madume wawili wakiwekwa pamoja watararuana, na muuzaji anatarajia atanunuliwa upesi. Mnunuzi anakiona kikombe, anadhani ndiyo nyumba.

Upo pia mtindo wa kumweka ndani ya chombo cha kioo chenye mmea juu, eti atakula mizizi. Beta hula wadudu. Akionekana anadonoa mizizi, hiyo ni njaa. Tena mizizi hiyo ikiziba uso wa maji, hapati pa kuvutia hewa.

Kabla rafiki hajaondoka

Muulize mambo manne. Mara ya mwisho alibadilisha maji lini, na alibadilisha kiasi gani? Maji anayotumia yanatoka wapi: bomba, kisima, chupa za dukani? Samaki anakula nini na mara ngapi? Amekaa naye muda gani? Jibu la swali la kwanza ndilo litakaloamua mwendo wako. Akisema "huwa nabadilisha yote kila Jumamosi", samaki ameshazoea misukosuko na unaweza kwenda haraka kidogo. Akisema "hata sikumbuki", nenda pole sana.

Kisha omba ruhusa ya kumhamisha. Usianze kwa kumwambia kwamba anamtesa mnyama. Wengi waliuziwa samaki pamoja na ushauri mbaya, na aibu humfanya mtu ajitetee badala ya kusikiliza. Ujumbe mfupi unatosha:

"Shoga, kuhusu yule samaki wako. Nina boksi la plastiki la lita 20 hapa nyumbani liko tupu. Nikimweka humo mpaka urudi utakuwa na neno? Jagi lako nitalitunza."

Wengi watakubali bila kufikiri mara mbili. Akikataa, heshimu, hata ndani ya jagi lile lile yapo mengi unayoweza kuyafanya.

Zungumzeni pia uwezekano wa samaki kufa. Beta huishi miaka miwili hadi minne hivi, na madume wanaouzwa madukani huwa wameshakomaa. Huyo uliyepewa anaweza kuwa mzee. Mpige picha siku unayompokea, upande wa kulia na wa kushoto, umtumie mwenyewe papo hapo. Picha hiyo inakukinga na lawama, na baada ya siku kumi itakuonyesha kama mapezi yanapona au yanaendelea kuliwa, maana macho peke yake husahau.

Kumbeba mpaka kwako

Asile siku moja kabla ya safari. Usibebe jagi likiwa limejaa; ndani ya daladala au matatu litamwagika lote. Mchukue kwa kikombe, sio kwa wavu, kwa sababu nyuzi za wavu hurarua mapezi marefu. Mtie kwenye chupa ya mdomo mpana au mfuko imara wa plastiki, theluthi moja maji yake ya zamani, theluthi mbili hewa. Hewa hiyo anaihitaji kuliko anavyohitaji maji mengi. Funika kwa kitambaa ili awe gizani na atulie. Maji mengine ya jagi yabebe kwenye chupa tofauti. Yanaonekana machafu, lakini utayahitaji.

Siku ya kwanza, anza kwa kutazama

Weka chombo mahali palipotulia, mbali na jua la moja kwa moja, mbali na jiko na spika. Lita 2 za maji dirishani hupata moto haraka sana saa sita mchana. Usimlishe. Kaa naye robo saa umsome.

Kupanda juu, kumeza hewa na kushuka ni kawaida yake. Mapovu madogo yaliyoshikana juu ya maji nayo ni ya kawaida: dume hujenga kiota cha mapovu kwa ajili ya mayai, hata kama hana jike. Usiyafute ukidhani ni sabuni. Usiyachukue pia kama uthibitisho kwamba ana raha, kwa sababu hata beta aliye kwenye maji mabaya hujenga.

Vinavyotakiwa kukushtua ni hivi: ananing'inia juu muda wote akihema kwa kasi, matamvua yamekuwa mekundu sana, mapezi yamegandana mwilini, anajisugua kwenye kuta, au magamba yamesimama yakitoka nje. Ukiona kuhema na matamvua mekundu, huenda amonia, ile sumu ya uchafu wake, imezidi, na hapo taratibu zitabidi ziharakishwe kidogo kama nitakavyoeleza.

Maji ndiyo kazi yenyewe

Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Jamii hiyo ya bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Rafiki yako anarudi baada ya mbili. Kwa hiyo usitumie pesa kwenye filta ukitarajia ikuokoe. Kwa muda huu filta yako ni ndoo na mikono yako. Isipokuwa kama unamjua mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima: mwombe kipande cha sponji iliyokwisha kutumika, kibebe kikiwa kimelowa, na utakuwa umepata bakteria wa bure.

Ukubwa wa chombo una maana kubwa kwa sababu ya hesabu rahisi. Samaki mmoja hutoa uchafu ule ule awe kwenye lita 2 au lita 20, lakini kwenye lita 2 unakuwa mkali mara kumi. Ndiyo sababu wafugaji hutaja lita 20 kuwa chombo cha kuanzia.

Sasa kwa nini maji machafu yasimwagwe yote? Maji yaliyokaa muda mrefu huelekea kuwa na tindikali, yaani pH yake hushuka. Kwenye tindikali, sehemu kubwa ya amonia hubaki katika umbo la amoniamu, lisilo na ukali mwingi. Ukiongeza ghafla maji mengi mapya yenye pH ya juu, amoniamu iliyobaki inarudi kuwa amonia kali, na samaki anaungua ndani ya maji yanayoonekana kuwa safi zaidi kuliko jana. Pamoja na hayo, chumvichumvi na joto vikibadilika kwa mkupuo, mwili wake hauwahi kujirekebisha.

Maji mapya yaandae hivi. Ya bomba yana klorini, na klorini huchoma matamvua na kuua bakteria wazuri. Jaza ndoo, iache wazi kwa saa 24 au zaidi, uyakoroge mara kwa mara. Klorini ya kawaida itaruka. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hairuki kwa njia hiyo, kwa hiyo dawa ya kuondoa klorini kutoka duka la samaki wa mapambo ndiyo njia ya uhakika. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukimkuta samaki anahema vibaya, tafuta ile dawa ambayo maelezo yake yanasema inafunga pia amonia, na hapo unaweza kubadilisha maji mengi zaidi kwa usalama.

Maji uliyoyatibu kwa WaterGuard au Aquatabs kwa ajili ya kunywa usimpe kabisa. Dawa zote hizo ni klorini, na maji ya kunywa yakimfaa binadamu hayamaanishi yanamfaa samaki. Kuyachemsha maji ya bomba kunaondoa klorini, ila yaache yapoe kabisa na uyamimine kutoka ndoo hadi ndoo ili yaingize hewa tena. Maji ya kisima hayana klorini mara nyingi, lakini maeneo mengi ya pwani yana chumvi, yaonje. Ukisikia chumvi mdomoni, yaache. Maji ya mvua ni laini mno peke yake. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba yaliyolala.

Ratiba, kama samaki anabaki kwenye jagi la lita 2: siku ya kwanza toa bilauri moja ndogo, kama sehemu moja ya kumi, urudishie kiasi hicho hicho cha maji mapya yenye joto lile lile. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku mbili. Siku ya tatu toa robo. Kuanzia siku ya nne toa theluthi kila siku, bila kuruka, mpaka mwenyewe arudi. Tumia mrija mwembamba kunyonya uchafu ulioko chini badala ya kuchota juu. Mrija wa hewa wa dukani unatosha. Ujaze maji kwanza ndipo uuachie, usiuvute kwa mdomo.

Kama umeruhusiwa kumhamisha, mtie kwenye bakuli na maji yake ya zamani, kisha ongeza nusu kikombe cha maji mapya kila baada ya dakika kumi kwa muda wa saa moja na nusu. Bakuli likikaribia kujaa, punguza na uendelee. Mwisho mchukue kwa kikombe umwingize kwenye makao mapya na kuyaacha yale maji ya bakuli. Baada ya hapo, kwenye lita 20 zisizo na filta, toa lita 5 kila baada ya siku mbili. Ukiwa na vifaa vya kupimia, amonia na nitriti zisomeke sifuri. Amonia ikifika miligramu 0.5 kwa lita, toa nusu ya maji siku hiyo hiyo.

Tangi la muda lisilogharimu sana

Boksi la plastiki linaloonyesha ndani, la aina inayotumika kuhifadhia nguo, ni zuri kuliko jagi lolote la kioo. Beseni pana nalo linafaa. Ndoo iliyowahi kuwekwa rangi, sabuni ya unga au dawa ya mifugo usiiguse. Osha chombo kwa maji ya moto peke yake. Kama kina magadi meupe ya chumvichumvi, yafute kwa siki kisha suuza mara nyingi. Sabuni isikaribie hapo.

Funika. Beta huruka, na huruka vizuri usiku wakati umelala. Wavu wa dirisha wa plastiki uliofungwa kwa mpira ni kifuniko kizuri kwa sababu hewa inapita. Usichukue kipande cha chandarua cha zamani: vyandarua vingi vina dawa ya jamii ya pirethroidi, na dawa hizo ni sumu kali mno kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa ya mbu ya kupuliza isitumike katika chumba alimo. Kama lazima upulize, mtoe kwanza na umrudishe chumba kikishapata hewa kwa saa kadhaa. Nawa mikono bila sabuni kabla ya kuyagusa maji yake, hasa ukiwa umejipaka mafuta ya kufukuza mbu.

Ndani mpe mahali pa kujificha. Kifuu cha nazi kilichochemshwa mara mbili tatu, kikiwa na mlango uliolainishwa kingo kwa msasa, kinamtosha. Mmea wa plastiki uliokuja na jagi upitishe juu ya soksi ya nailoni. Ukikwaruza nyuzi za soksi utakwaruza na mapezi, utupe.

Wakazi wa pwani wana bahati ya mkungu. Huu ni mti ule ule ambao wafugaji wa beta wa Asia huutumia majani yake makavu, na wafugaji wa Ulaya huyanunua kwa pesa nzuri yakiwa kwenye pakiti. Okota jani lililoanguka lenyewe na kukauka, mbali na barabara kubwa na mahali palipopulizwa dawa. Lisuuze, uliweke jani moja kwa lita 20. Baada ya siku mbili maji yatakuwa na rangi ya chai ya rangi. Usishtuke, hilo ndilo linalotakiwa. Kinachotoka kwenye jani hilo hushusha pH taratibu, na maji yenye kivuli humtuliza samaki.

Mimea ya kutoa mtoni au ziwani nakushauri uiache. Inaleta konokono, na baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vijidudu vya kichocho. Wewe unayeingia kuichuma ndiye utakayekuwa hatarini.

Joto

Beta anataka nyuzi 25 hadi 27. Dar es Salaam, Mombasa, Tanga na Zanzibar chumba chenyewe kinatosha sehemu kubwa ya mwaka, na hita ni pesa ya bure. Nairobi mwezi Julai, au Njombe, Mbeya na Iringa kati ya Juni na Agosti, maji ya jagi hushuka chini ya nyuzi 20 usiku kwa urahisi. Hapo samaki anazubaa, chakula hakisagiki tumboni, na magonjwa yanampata. Watu husema "amekuwa mvivu siku hizi" kumbe anaganda.

Kwa lita 20 hita ya wati 25 inatosha penye baridi ya wastani, wati 50 penye baridi kali. Izamishe kwanza ndipo uichomeke kwenye umeme, na uichomoe dakika kumi na tano kabla ya kubadilisha maji, kwa sababu kioo chake chenye moto kikikutana na hewa au maji baridi hupasuka. Waya wake uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yanayotiririka yaangukie sakafuni. Usiweke hita kwenye jagi la lita 2. Itapandisha joto kupita kiasi ndani ya muda mfupi, na hutakuwepo kuizima.

Bila hita, au umeme ukikatika, funga blanketi kuzunguka chombo ukiacha juu wazi, na uache ielee juu ya maji chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri yenye maji ya uvuguvugu. Joto lisipande zaidi ya nyuzi mbili kwa saa. Kipimajoto cha bei ndogo hapa kina faida kuliko pambo lolote.

Chakula, ambacho wageni hukizidisha

Tumbo lake lina ukubwa wa jicho lake, au karibu na hapo. Punje tatu au nne ndogo asubuhi, nyingine kama hizo jioni, na siku moja kwa wiki asile chochote. Zile zinazovimba sana zikilowa ziloweke dakika chache kwanza. Kilichobaki baada ya dakika tano kitoe. Atakuja mbio kila akikuona na kukutazama kwa njaa. Ni tabia yake, usimsikilize.

Mkate, wali na unga wa dagaa haviliki hapa. Vinachafua maji kabla hajavionja. Viluwiluwi vya mbu anavipenda kuliko chochote, na ni chakula chake cha asili. Vichukue kwenye chombo safi cha maji ya mvua nyumbani kwako, kamwe usichukue mtaroni, uvisuuze, umpe vitano au sita, na uhakikishe vimeliwa vyote. Chombo ulikovitoa kimwage siku hiyo hiyo, usije ukawafuga mbu wa dengi kwa ajili ya samaki wa mtu. Kama rafiki ameacha kile kidonge cheupe cha kulisha samaki kwa wiki nzima, kirudishe kwenye pakiti yake. Kinachafua chombo kidogo na beta hukidharau. Ukilazimika kuondoka siku tatu, mwache na njaa. Mzima atavumilia bila tatizo.

Akionekana mgonjwa

Tiba ya kwanza ni maji safi na joto sahihi. Mapezi yanayoliwa kingoni na kuwa meusi au mekundu mara nyingi hupona kwa hayo mawili tu. Ukiona ncha mpya zinazopitisha mwanga, ndiyo nyama inayoota. Zisiporudi baada ya wiki, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi isiyochanganywa kitu kwa kila lita 4, umimine kidogo kidogo kwa siku nzima, na usizidishe siku kumi. Chumvi haipotei na mvuke. Ukibadilisha lita 5, rudisha chumvi ya lita 5 tu.

Nukta nyeupe za ukubwa wa punje ya chumvi ni ugonjwa wa vidoa, na unga wa dhahabu unaoonekana ukimmulika kwa tochi ni ugonjwa mwingine wa vimelea. Yote mawili yana dawa dukani, na ukiyawahi hutibika. Tumbo lililovimba bila magamba kusimama mara nyingi ni shibe: mfungishe siku mbili. Magamba yakisimama pande zote, mara nyingi figo zimeshindwa, na hapo wachache hupona. Mpigie mwenyewe umweleze ukweli mapema.

Vidonge vya antibayotiki vya binadamu visipasuliwe ndani ya maji. Ni mazoea yaliyoenea, na ni mabaya: kipimo hakijulikani, bakteria wazuri nao huweza kufa, na usugu wa dawa unaongezeka nyumbani mwako.

Akifa, usimnunue mwingine wa rangi ile ile umweke kimyakimya. Kila beta ana alama zake na mtoto wa nyumba ile atagundua kwa dakika moja. Mzike. Na awe hai au mfu, asitupwe mtoni wala kwenye bwawa. Samaki wa kigeni na magonjwa yake hawana kazi katika maji yetu.

Siku ya kumrudisha

Mlishe kidogo siku mbili za mwisho. Mpe mwenyewe karatasi moja yenye mambo uliyofanya: maji kiasi gani na kila baada ya siku ngapi, joto, punje ngapi. Mwonyeshe picha ya siku ya kwanza na samaki alivyo sasa, na usiseme zaidi. Akisema "mbona anacheza hivi?", ndipo umweleze habari ya lita 20, na umwambie boksi anaweza kuendelea nalo. Kama samaki ni wa mtoto wake, zungumza na mtoto: mwonyeshe jinsi ya kuhesabu punje na jinsi ya kulaza maji kwenye ndoo, maana yeye ndiye atakayemkumbusha mzazi.

Akimrudisha jagini hata hivyo, mpe ile ratiba ya theluthi kila siku na chupa ya dawa ya kuondoa klorini uliyobakiza. Mwambie pia kwamba maji ya siku hiyo ya kwanza ayachukue kwako, kwenye chombo alichotoka, kwa sababu maji ya bomba ya moja kwa moja yatamrudisha samaki pale pale ulipomkuta.